Nusu Dakika Mlangoni mwa Chembe Nyekundu

Mtu akirudi nyumbani kutoka kupima malaria, swali linalompokea ni moja: "Wamekukuta na wadudu wangapi?" Naye hujibu bila kusita, watano, kumi, ishirini, na kila aliyepo huipima homa kwa hesabu hiyo. Nimelisikia swali hilo tangu utoto, na nimelijibu mara nyingi bila kujua wadudu wenyewe huhesabiwaje wala wamekaa wapi. Nilikuja kuelewa siku nilipokalishwa mbele ya hadubini na mtaalamu mmoja wa maabara mwenye subira. Alidondosha tone la mafuta juu ya slaidi iliyopakwa rangi ya Giemsa, akaishusha lenzi taratibu mpaka ikagusa mafuta, kisha akasema: "Usihangaike na pembeni, mwanangu. Tazama ndani ya chembe."

Niliona viduara vya rangi ya waridi iliyofifia, vimetawanyika kama sahani juu ya jamvi. Ndani ya kimoja kulikuwa na pete nyembamba ya buluu yenye kitone chekundu ukingoni, kama pete ya kidole yenye kito chake. Huyo ndiye mdudu. Akanieleza kwamba ile ilikuwa damu nyembamba. Kwenye damu nene, ambako wadudu huhesabiwa kwa kulinganishwa na chembe nyeupe 200, maji ya rangi huzipasua chembe nyekundu zote. Kwa hiyo anayesoma damu nene haoni nyumba, anaona wapangaji tu.

Neno lake, "ndani", halijanitoka. Chembe nyekundu haina mdomo. Chembe nyeupe inaweza kumkumbatia bakteria ikammeza, lakini nyekundu haimezi kitu. Ni kifuko laini kilichojaa hemoglobini, kimefungwa kwa utando pande zote, na utando huo ukitoboka hemoglobini yote humwagika. Sasa kimelea kinaingiaje ndani ya kifuko hicho bila kukipasua? Jibu lake limechukua zaidi ya miaka mia moja kupatikana, na bado linaendelea kukamilishwa. Kwangu mimi hakuna sehemu ya habari ya malaria inayostahili kueleweka kuliko hii, kwa sababu hapo mlangoni ndipo kimelea huonekana uchi mbele ya kinga ya mwili, kwa muda mfupi ajabu.

Yaliyotangulia yanajulikana zaidi, nami nitayapita upesi. Mbu jike wa Anofelesi huingiza vimelea pamoja na mate yake, navyo hukimbilia ini. Humo hukaa karibu wiki moja, kila kimoja kikizaa vingine maelfu kwa maelfu. Wakati wote huo mtu anakula, analala, anakwenda kazini, hajui lolote. Homa, kutetemeka, kuishiwa damu, degedege la mtoto usiku wa manane, yote huanza vimelea vinapotoka kwenye ini na kuanza kuvamia chembe nyekundu. Mwaka 2023, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu 597,000 walikufa kwa malaria, wengi mno wakiwa watoto wa Afrika wasiotimiza miaka mitano. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuawa na vimelea vilivyokuwa bado kwenye ini.

Kwa nini basi kimelea kikachagua chembe nyekundu? Kwanza kwa wingi wake: katika milimita moja ya ujazo ya damu ya mtu mzima mna chembe kama milioni tano. Pili kwa chakula, kwani hemoglobini ni protini tele isiyokwisha haraka. Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi. Chembe karibu zote za mwili hutoa nje vipande vya protini zilizomo ndani yake, zikavibandika juu ya utando ili askari wa kinga wavikague wanapopita. Ikiwa kirusi kimejificha ndani, kipande chake kitaonekana nje na chembe ile itauawa. Chembe nyekundu, inapokomaa, hutupa kiini chake na vifaa vyote vya kazi hiyo ili ipate nafasi ya kubeba hewa. Haina cha kubandika nje. Mdudu akishaingia humo, askari wanaopita hawaoni tofauti.

Ila nyumba hiyo ina muda. Kimelea cha Plasmodium falciparum, ambacho ndicho kinachotawala Afrika Mashariki, hukaa ndani kwa saa kama 48, kikila hemoglobini na kujigawa, mpaka chembe inabeba watoto 16 hadi 32. Kisha inapasuka. Wataalamu huwaita watoto hao merozoiti. Daktari Mfaransa Alphonse Laveran, aliyeviona vimelea hivi kwa mara ya kwanza mjini Constantine, Algeria, mwaka 1880, hakuwa na njia ya kujua hayo. Ni Camillo Golgi wa Italia aliyeonesha, miaka michache baadaye, kwamba homa hupanda pale chembe zinapopasuka kwa pamoja. Ule mtetemeko unaomfanya mgonjwa aombe blanketi la pili mchana wa jua kali ni mwili ukipokea takataka za chembe zilizopasuka, na saa hiyohiyo mamilioni ya merozoiti wako nje, kila mmoja akitafuta nyumba mpya.

Wana dakika chache tu. Merozoiti asiyepata chembe upesi hupoteza uwezo wa kuingia, kisha hufa. Ndiyo maana kila kitu chake kimeumbwa kwa ajili ya mlango.

Umbo lake ni la yai lenye ncha upande mmoja, urefu wake kama maikromita moja na nusu. Chembe anayoivamia ina upana wa saba hadi nane. Kwenye ile ncha mna vifuko viwili vikubwa na vingine vidogo vingi, vyote vimejaa protini zinazosubiri kumwagwa kwa zamu. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walifanikiwa kupiga filamu ya uvamizi wenyewe. Walitumia Plasmodium knowlesi, kimelea cha nyani kinachoweza kuambukiza na binadamu, kwa sababu merozoiti wake ni wakubwa na wanadumu zaidi nje ya chembe. Filamu za baadaye zimeonesha kwamba falciparum hufuata mpango uleule, ila kwa haraka zaidi.

Kwanza ni kugusa. Merozoiti hukutana na chembe kwa upande wowote, maana damu inawasukasuka wote wawili, na protini zilizofunika mwili wake humshikiza kidogo tu. Hapo chembe huanza kutikisika. Utando wake unabonyea, unamzunguka mdudu, unaachia, unamzunguka tena, kama shuka ya mtu anayegeukageuka kitandani. Katika mtikisiko huo merozoiti hugeuka mpaka ile ncha yake ielekee kwenye utando. Zimepita sekunde kama kumi.

Kisha vifuko vya ncha hufunguka. Zinatoka protini za kushika kwa nguvu, na baadaye kidogo protini iitwayo RH5, ambayo nitarudi kwake. Inaposhikana na mwenzake juu ya utando, kalsiamu huonekana ikiingia mahali hapo, kana kwamba kitundu kidogo mno kimefunguka kati ya wawili hao. Baada ya hapo hakuna kurudi nyuma.

Linalofuata ndilo linalonishangaza kila ninapolisoma. Merozoiti anahitaji kushika utando kwa mshiko usioteleza, lakini chembe nyekundu haina kitu cha kumfaa kwa kazi hiyo. Basi anakuja nacho. Hudunga ndani ya utando wa chembe protini yake mwenyewe, inayoitwa RON2, halafu juu ya mwili wake anatoa nyingine, AMA1, na hizo mbili hushikana kwa nguvu kubwa. Ni kama mgeni aliyefika na msumari wake, akaupigilia kwenye ukuta wa mwenyeji, kisha akajifunga kamba kwenye msumari huo. Mshikano huo huzunguka ncha yake kama pete. Ndani ya mwili wake kuna protini za ukoo mmoja na zile zinazokunja misuli yetu. Hizo humvuta mbele, na ile pete huteleza kuelekea nyuma yake, ikikwangua njiani lile koti la protini alilojia nalo. Utando haupasuki. Unakunjika kwenda ndani pamoja naye, ukamfunika, na pete inapofika mkiani unajifunga. Kuingia huku huchukua sekunde kati ya kumi na tano na thelathini hivi.

Ndiyo maana hemoglobini haimwagiki. Mdudu hayumo ndani ya chembe kwa namna ya mwiba uliochoma ngozi. Yumo ndani ya kifuko kilichotokana kwa sehemu kubwa na utando wa chembe yenyewe. Muda mfupi baadaye chembe husinyaa ikaota miiba pande zote, ikakaa hivyo dakika kadhaa, kisha ikarudi katika umbo lake. Ukiitazama wakati huo utadhani haijapatwa na lolote.

Mlango huu ulianza kueleweka kwa kuwatazama watu ambao kwao haufunguki. Louis Miller na wenzake, haohao wa filamu ya 1975, walijaribu knowlesi kwenye chembe za watu mbalimbali. Kwenye chembe ambazo hazina alama ya damu iitwayo Duffy, merozoiti alishika, utando ukatikisika, akageuka, kisha akaachia. Hakuingia. Mwaka uliofuata wakaonesha kwamba kukosa alama hiyohiyo ndiko kunakowakinga watu weusi dhidi ya Plasmodium vivax, malaria ambayo huko Asia na Amerika ya Kusini ni ya kawaida. Karibu watu wote wa Afrika Magharibi hawana Duffy kwenye chembe nyekundu, na Afrika Mashariki ni wengi mno. Kilichowapata mababu zetu ni badiliko la herufi moja tu katika sehemu inayowasha jeni hiyo. Jeni ikazimika kwenye chembe nyekundu peke yake, na kwingine mwilini ikabaki ikifanya kazi. Hata hivyo mlango huo si chuma. Nchini Madagascar watafiti walieleza mwaka 2010 kwamba walikuta vivax ndani ya damu ya watu wasio na Duffy, na Ethiopia nako wamepatikana.

Kwa falciparum mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa yenyewe haina mlango mmoja. Kuna protini yake inayoshika protini ya utando wa chembe iitwayo glaikoforini A, nyingine inashika glaikoforini C, nyingine inatafuta kipokezi tofauti kabisa. Ukiziba njia moja, inatumia ya pili. Kwa miaka mingi hali hiyo iliwakatisha tamaa watengenezaji wa chanjo, mpaka mwaka 2011 kundi la watafiti wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, lilipogundua kwamba RH5 hushika protini ya chembe iitwayo basijini, na kwamba kila aina ya falciparum waliyoijaribu iliihitaji hatua hiyo. Katikati ya milango yote ile palikuwa na ukumbi mmoja ambao kila mgeni lazima aukanyage.

Nieleze kitu kinachochanganywa mara nyingi. Watu wakisikia kwamba damu fulani hukinga malaria, hufikiri moja kwa moja selimundu. Ni kweli kwamba Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionesha mwaka 1954 uhusiano huo, baada ya kuona kwamba jeni ya selimundu ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria lakini ni haba kwenye nyanda za juu zisizo na malaria. Aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Aliyeirithi kwa wote wawili hubeba ugonjwa wenye maumivu makali. Lakini kinga ya selimundu haiko mlangoni. Mdudu huingia vizuri tu, kisha hewa inapopungua ndani ya chembe anashindwa kukua. Nyumba inafunguka, ila haikaliki.

Habari ya Kilifi, pwani ya Kenya, ni tofauti, na ndiyo iliyobadili namna ninavyoufikiria mlango wenyewe. Kuna kundi la damu liitwalo Dantu, ambalo ni adimu karibu kila mahali duniani, lakini huko si ajabu kulikuta. Linatokana na jeni mbili za glaikoforini zilizovunjika na kuungana. Mwaka 2017 ilioneshwa kwamba hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40. Mtu angetegemea maelezo rahisi: kitasa kimebadilika, ufunguo hauingii. Timu ya Silvia Kariuki, wa kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust pale Kilifi, ikachukua damu ya watoto 42 wenye afya, wengine wakiwa na nakala mbili za Dantu, wengine moja, wengine hawana kabisa. Wakishirikiana na wenzao wa Uingereza, wakawapiga filamu merozoiti wakijaribu kuingia, chembe baada ya chembe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Chembe za Dantu zilivamiwa mara chache zaidi, na sababu iliyojitokeza ilikuwa ugumu wa ngozi. Utando wake umekazwa zaidi. Watafiti waliupima kwa kutazama jinsi unavyotetemeka wenyewe kidogokidogo, wakakuta kwamba ukipita kiwango fulani cha kukaza, merozoiti hawezi tena kuingia. Jambo lililonikaa zaidi ni kwamba kanuni hiyo ilihusu pia chembe za watoto wasio na Dantu. Katika damu ya mtu yeyote, zile zilizokaza zilisalimika, zile zilizolegea zikaingiliwa.

Wawamba ngoma wanaelewa bila kufundishwa. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, na merozoiti anafanya hivyohivyo: anauvuta utando wa chembe umzunguke, umkunje, umfunike. Ngozi iliyokwisha kuwambwa na mwingine haina ulegevu wa kuvutia kwako. Picha ya ufunguo na kitasa, ambayo vitabu vya shule vinaipenda, inasahau kwamba mlango wenyewe ni kitu hai chenye mkazo wake. Watafiti wa Dantu wamependekeza kwamba dawa itakayoukaza utando kidogo tu, bila kuidhuru kazi ya chembe, ingeweza kutoa kinga kama hiyo. Naona wazo hilo lina thamani kubwa wakati huu. Dawa mseto tunazozitegemea humshambulia mdudu akiwa ndani, na vimelea vyenye usugu kiasi dhidi ya artemisinini iliyomo katika dawa hizo vimekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera, Tanzania. Mdudu anaweza kujibadilisha akaikwepa dawa inayomlenga yeye. Kukwepa ngozi ya chembe iliyokaza kutamgharimu zaidi.

Upande wa pili wa ulinzi ni kingamwili zinazozunguka ndani ya damu. Kwamba zinaweza kufanya kazi hapo mlangoni tunajua tangu 1961, Gambia. Watafiti walitoa kingamwili kwenye damu ya watu wazima waliokwisha kuzoea malaria, wakawachoma watoto wagonjwa, na idadi ya vimelea vyao ikashuka sana. Vimelea vilivyokuwa ndani ya chembe viliendelea kukua kama kawaida. Vilipotoka ndipo mambo yalipoharibika kwao. Kwa maneno mengine, ule ukinzani ambao mtu wa vijijini huupata kwa kuumwa mara nyingi utotoni ni kwa sehemu ulinzi wa zile sekunde chache.

Kuugeuza ujuzi huo kuwa chanjo kumekuwa na machungu yake. Chanjo iliyolenga MSP1, protini ya koti la nje, ilijaribiwa kwa watoto wa Kombewa, magharibi mwa Kenya, na haikuwakinga. Nyingine iliyolenga AMA1, yule mshika kamba, ilijaribiwa Bandiagara, Mali. Ilikinga vizuri dhidi ya vimelea vilivyofanana na vile vilivyotumika kuitengeneza, lakini vimelea vya Bandiagara vina AMA1 za sura nyingi mno, na kwa jumla haikusaidia. Chanjo mbili zinazotolewa sasa kwa watoto wa Afrika, RTS,S na R21, zinalenga kimelea kabla hakijaanza kuvamia chembe nyekundu. Zinafaa na zinaokoa maisha. Ila kimelea kimoja kikizipita kikafika ini kikazaliana, hazina la kufanya tena.

Hapo ndipo RH5 inaporudi. Haibadiliki sana kutoka kimelea hadi kimelea, maana ikibadilika itashindwa kushika basijini. Chanjo yake ilijaribiwa kwa usalama Bagamoyo, na Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford, kwa watu wazima, watoto, na watoto wachanga. Wachanga ndio waliotoa kingamwili nyingi kuliko wote, habari njema kwa ugonjwa unaoua zaidi katika umri huo. Kisha ikapelekwa Nanoro, Burkina Faso, kwa watoto wa miezi 5 hadi 17. Waliopata dozi ya tatu kwa kucheleweshwa, miezi kadhaa baada ya ya pili, walikingwa kwa asilimia 55 katika miezi sita iliyofuata.

Asilimia 55 inaweza kusikika ndogo. Ukikumbuka muda uliopo, si ndogo. Mtoto wa Nanoro amelala na ndani yake chembe za kwanza zinafika saa ya 48. Zinapasuka, merozoiti wanamwagika. Kingamwili lazima ziwe zimeshajaa kwenye damu kabla ya hapo, kwa wingi mkubwa, kwa sababu RH5 haijitokezi mpaka mdudu amekwisha kugeuka na ncha yake iko kwenye utando. Zina sekunde chache za kuiona na kuishika. Wengi wa merozoiti watabaki wakielea nje, watachoka, watakufa humohumo. Baadhi bado wanaingia.